Kadi Ambayo Hakuna Aliyeitupa

"Mume wangu asijue. Nakuomba sana..."

Hiyo ilikuwa sauti ya mke wangu!

Nilikuwa nimeingia stoo kuchukua karatasi. Yeye alikuwa nyuma ya rafu, amenipa mgongo, simu sikioni, anaongea kwa kunong'ona.

"Ndiyo... Yule wa asubuhi nimeshamalizana naye. Sasa nisikilize. Akijua ataumia vibaya. Niachie mimi, nitamwambia mwenyewe."

Akasikiliza kidogo.

"Haya. Asante. Wewe ni mtu mzuri sana."

Wewe ni mtu mzuri sana!!

Ndugu zangu mnaosoma, miaka kumi na moja ya ndoa, mimi mwenyewe nilikuwa sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa hivyo. Na huyo "wa asubuhi" ni nani tena? Kumbe wana zamu?

Damu ilinichemka. Nikampokonya simu. Akashtuka mpaka akaangusha boksi la bahasha.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mume wangu, ngoja nikueleze..."

Kabla hajamaliza, simu ikalia mkononi mwangu. Ujumbe umeingia. Nikausoma.

"Nipo hapa mlangoni. Fanya haraka basi, mke wangu anarudi saa nane."

Jamani!

Nikashuka chini kwenye zile jumbe nyingine. Namba ngeni tupu. Wengi wanaume.

"Nimefika, nipo nje."

"Unakuja au huji?"

"Asante mama, umeniokoa leo. Mungu akubariki."

Nikamshika mkono, nikamtoa stoo mpaka mbele dukani. Pale kaunta alikuwa amesimama mteja wangu mkubwa kuliko wote mwaka ule, mama mmoja mwenye shule tatu. Alikuwa na sampuli za karatasi mkononi, anazipapasa, anataka kuagiza kadi za walimu wake wote.

Kuona tunavyoingia, akarudi nyuma hatua moja.

"Nirudi baadaye?"

"Hapana mama, kaa. Kaa ushuhudie mambo."

Yaani nikikumbuka hapo, natamani ardhi inimeze.

Nikamgeukia mke wangu. "Haya, sema sasa! Sema mbele ya watu! Hawa wanaokusubiri milangoni ni akina nani?"

Alimtazama yule mama mwenye shule. Kisha akatazama ukutani, pale nilipoitundika kadi yangu ninayoipenda kuliko zote. Akafungua mdomo.

Akaufunga.



Mimi kimya chake nikakichukua kuwa ushahidi. Nikachomoa laini kwenye ile simu, nikaivunja vipande viwili. Simu nikaipigiza sakafuni.

"Ondoka. Nikirudi nyumbani leo nisikukute."

Akaokota mkoba wake. Alipofika mlangoni akageuka, machozi yanamtoka, akasema kitu kimoja tu.

"Karatasi ya mama iko rafu ya pili, siyo ya tatu."

Akaenda.

Sasa ngojeni niwaeleze kuhusu hiyo kadi ya ukutani, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa.

Mimi ni mchapaji wa kadi za biashara. Mtaani wananiita Bwana Kadi. Kadi kila mtu anaweza kuchapa, hata wewe. Shida ni kwamba kadi nyingi haziishi. Mtu anapewa, anatabasamu, anaitia mfukoni, mwisho wa wiki inafuliwa pamoja na suruali.

Mimi nilikataa kuchapa kadi za kufuliwa. Mteja akija namuuliza swali moja, "Mtu akishakusahau wewe, kwa nini asiitupe kadi yako?"

Fundi cherehani nilimwekea alama za sentimita pembeni mwa kadi, ikawa rula ndogo. Wanawake wakawa nayo kwenye mikoba. Fundi viatu nilimchapia kwenye karatasi ngumu yenye upinde, mtu anaitumia kuingiza kisigino kwenye kiatu kinachobana. Muuza mbegu, nyuma ya kadi yake nikaweka kila mmea na siku zake za kuota. Watu wakaziweka pamoja na vyeti vya watoto!

Kisha akaja Fundi Kufuli. Kazi yake ni kufungulia watu waliofungiwa nje, na kuchonga funguo. Alitaka kadi yenye tundu, itundikwe kwenye funguo za mtu.

Nikacheka.

"Fundi, mtu aliyepoteza funguo, kadi yako si itakuwa imepotea nazo?"

Akajikuna kichwa. "Eh! Kweli bwana."

Ndipo nikabuni ile kadi. Ndogo, ngumu, haipitishi maji, ina gundi nyuma. Inabandikwa kwenye fremu ya mlango, upande wa nje, juu kule mtoto asikofika. Ukifungiwa nje unainua macho tu. Msaada huo hapo!

Tulichapa mia tano. Zikaisha kwa wiki mbili. Ukipita mitaa ya kwetu, ukiinua macho unaiona, mlango hadi mlango. Hiyo ndiyo iliyonipa jina. Mama mwenye shule alikuja kwangu kwa sababu ya ile iliyo mlangoni kwake.

Hakuna aliyeitupa. Kumbukeni hilo.

Basi, mke wangu akaenda kwa dada yake. Nikabaki nyumbani peke yangu na hasira zangu. Shemeji alipiga simu mara mbili, sikupokea. Mara ya tatu nikapokea.

"Shemeji, hata kumsikiliza tu?"

"Nimesikia kwa masikio yangu, nimesoma kwa macho yangu. Unataka nini tena?"

"Haya. Siku macho yako yakifunguka, utatupigia wewe."

Nikakata simu nikijiona dume kweli.

Siku ya tisa, mchana, akaingia dukani mwanamke mmoja. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Akatoa kitu kwenye mkoba, akakipigiza kaunta. Ilikuwa kadi ya Fundi Kufuli, imebanduliwa pamoja na rangi ya mlango.

"Wewe ndiye uliyechapa hii?"

Mimi huyoo, nikatabasamu! Nikadhani ni mteja ameipenda kazi.

"Ndiye mimi, dada. Karibu. Na wewe unataka kama hii?"

"Nataka kama hii?!" Alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Juzi nimetoka nje kumwaga maji, upepo ukapiga mlango, ukajifunga! Mtoto wangu wa mwaka mmoja yuko ndani! Jiko linawaka! Napiga hii namba, haipatikani! Napiga tena, haipatikani! Nimevunja dirisha kwa mkono wangu huu!"

Tabasamu likaniganda.

"Mtoto yuko salama?"

"Mungu tu. Alikuwa ameshafika jikoni."

Nikamvutia kiti. Akakaa. Nikamwambia pole, labda fundi simu yake ilizima chaji.

"Fundi gani?" akasema. "Hiyo namba hajawahi kupokea fundi. Mara ya kwanza nilipofungiwa, mwezi wa nne huko, alipokea mama mmoja. Mpole, sijawahi kuona. Akaniambia kadi ina kosa dogo, akanipa namba ya fundi mwenyewe. Halafu baada ya nusu saa akanipigia kuuliza kama nimeshaingia ndani. Ananiuliza mtoto amekula!"



"Mama gani?"

"Nitamjuaje? Nilitaka unisaidie wewe. Namba yenyewe si hii hapa."

Akaanza kuisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Alipofika katikati, mdomo wangu ukaimalizia wenyewe.

Akaniangalia.

"Kumbe unaijua?"

Naijua! Ningeachaje kuijua? Ilikuwa namba ya mke wangu!

Ndugu zangu, ngoja niwaeleze ujinga wangu, maana ni ujinga wa watu wa kazi hii. Unapobuni kadi, mteja mara nyingi hajakupa namba yake bado. Lakini huwezi kuacha pengo, utajuaje maandishi yatakaaje? Kwa hiyo unaweka namba yoyote ya kushikilia nafasi, utaibadilisha baadaye. Mimi siku zote nilikuwa naweka ya mke wangu. Ndiyo namba pekee niliyoijua kwa kichwa.

Kadi ya Fundi Kufuli niliihangaikia wiki nzima. Gundi, rangi, kona za mviringo. Kila mtu akaishika, akaigeuza, akaisifu. Fundi mwenyewe akaikubali kwa kuipapasa tu. Hakuna aliyeisoma! Nilisahau kubadilisha namba, na macho yangu yalivyozoea kuiona namba ile kila siku, nikaitundika ukutani, nikaitazama miezi minane nisiione.

Nyani haoni kundule. Mimi nililichapa mara mia tano, nikalibandika milangoni kwa watu.

Nilifunga duka nikakimbia kwa Fundi Kufuli. Nilimkuta anapiga tupa ufunguo. Aliponiona usoni akaizima redio.

"Umeshajua," akasema.

"Ulijua toka lini?"

"Toka wiki ya kwanza. Mkeo alikuja hapa mwenyewe, akachukua namba yangu, akasema kila atakayempigia atamleta kwangu. Na alileta kweli. Kila mmoja. Mimi nilimwambia, mama, tumwambie bwana achape nyingine. Hata juzi juzi tumeongea kwenye simu, nikamwambia hii kazi itakuchosha. Akanisihi nimwachie akwambie mwenyewe."

Juzi juzi kwenye simu. Wewe ni mtu mzuri sana.

Nikakaa juu ya ndoo yake ya vyuma.

"Na yule aliyeandika mke wake anarudi saa nane?"

Fundi akakuna kichwa. "Yule mzee wa nyumba ya kijani? Alipoteza ufunguo wa mkewe. Alikuwa anaogopa kugombezwa. Siku ile alinisubiri wee, simu ya mkeo haipatikani, mkewe akamkuta kakaa kwenye ngazi."

Angekuwa mtu mwingine, ningecheka.

"Kwa nini hakuniambia, fundi? Miezi minane!"

"Hilo kamuulize mwenyewe."

Nikaenda. Dada yake alinifungulia, akanitazama toka juu mpaka chini, hakunikaribisha ndani.

"Yuko uani anaanika nguo. Ongea naye huko huko."

Mke wangu alikuwa ameshika shuka upande mmoja. Alikuwa amekonda. Hakushtuka kuniona.

"Nimejua," nikasema. "Kadi. Namba. Nimejua yote."

"Nani kaumia?"

Oneni mwanamke huyo! Swali lake la kwanza. Nikamweleza habari za yule mama na dirisha. Akafumba macho mpaka niliposema mtoto ni mzima.

"Kwa nini hukuniambia toka mwanzo?"

Alibana shuka kwenye kamba, taratibu.

"Unakumbuka zile kadi za mwanasheria?"

Nilikumbuka. Miaka miwili kabla ya hapo nilichapa kadi elfu moja zenye jina la mwanasheria limekosewa. Mke wangu ndiye aliyeliona kosa, akaniambia. Nilimfokea kwamba anafurahia nikianguka. Kisha nikaingia kitandani, nikageukia ukuta siku kumi na sita. Siogi, siongei. Yeye ndiye aliyefungua duka, yeye ndiye aliyekwenda kumwomba radhi mwanasheria.

"Ile kadi ya milangoni ilikurudishia uso," akasema. "Ulikuwa unaamka unaimba. Nikasema, kupokea simu ni kazi gani? Nitapokea. Siku akiwa na nguvu nitamwambia."

"Na siku ile dukani? Ungesema tu! Neno moja!"

"Mbele ya yule mama? Ana karatasi mkononi, anataka kukuagiza? Ningesema kadi iliyomleta ina kosa, ungebaki na nini?"

Nilipiga magoti pale uani, kwenye maji ya nguo. Nililia kama mtoto, sioni aibu kuwaambia.

"Nisamehe. Turudi nyumbani. Nakuomba mke wangu."

"Nimeshakusamehe."

Nikainuka haraka!

"Lakini kurudi, sirudi."

"Kwa nini?"

"Kosa la kadi sikuliogopa hata kidogo. Nilikuwa nakuogopa wewe. Miezi minane naficha simu ndani ya nyumba yangu kama mwizi, kwa kuogopa utakavyokuwa ukiambiwa ukweli. Na siku ile umenionyesha kwamba sikukosea kuogopa." Akachukua beseni lake. "Sasa hivi nalala usingizi. Niache nilale."

Akaingia ndani.

Niliwaambia hakuna aliyeitupa ile kadi. Basi nilichapa nyingine mia tano zenye namba sahihi, nikatembea mlango kwa mlango nabandua za zamani. Wengine wamehama, wengine hawafungui. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina langu, nikaenda kuirudisha, nikaiweka kwenye simu yangu. Sasa wanaofungiwa nje wakipiga, napokea mimi.

"Haloo? Yule mama yupo?"

Kila mmoja! Hata kabla ya kutaja mlango.

"Hayupo. Nikusaidie nini?"

"Aah. Basi nipe namba ya fundi."

Wiki iliyopita akapiga mzee mmoja, sauti imechoka.

"Sijafungiwa nje, mwanangu. Nilitaka kuongea na yule mama."

"Hayupo, mzee wangu. Una ujumbe?"

"Alinisaidia siku moja nilipotoka na mke wangu hospitali, tukakuta ufunguo umevunjikia mlangoni. Toka siku hiyo alikuwa akipiga kumuulizia mgonjwa. Kila wiki. Sasa ana miezi hapigi." Akakohoa. "Mwambie mgonjwa wake amepumzika. Tumemzika Jumamosi. Alikuwa anamuulizia mpaka mwisho, anasema huyu binti mbona hapigi."

 Huyo mama wa watu alikufa anasubiri simu niliyoivunja mimi.

Kesho yake asubuhi nikaenda tena kwa shemeji. Mke wangu akatoka mpaka kizingitini. Nikampa ujumbe neno kwa neno, kama nilivyopewa.

Alijishika mdomo. Akakaa chini pale pale kizingitini, akalia. Alimlilia mtu ambaye hajawahi kumwona sura yake. Mimi nimesimama mbele yake, sina ruhusa hata ya kumshika bega.

Alipotulia akasema, "Una namba ya huyo mzee? Nikampe pole."

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya kadi yangu mwenyewe, ile ya dukani, nzuri kuliko zote, niliyoitengeneza ili mtu yeyote akiishika asitake kuiachia. Upande wa mbele una namba yangu, na chini yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu, "Nakungoja."

Akaipokea. Akaisoma mbele. Akaisoma nyuma. Akatoa simu yake mpya, akanakili namba ya mzee, akahakikisha tarakimu moja baada ya nyingine.

Kisha akanirudishia kadi yangu.

"Asante kwa kuniletea habari," akasema. Akafunga mlango polepole.

Sina la kuongeza, ndugu zangu. Ukimtilia mwenzako shaka, muulize, halafu nyamaza mpaka amalize kujibu. Na kama nyumbani kwako watu wanakuficha makosa yako, usiwaulize wao kwanza kwa nini. Jiulize wewe, wakikwambia huwa unakuwaje.

Mimi nilijiuliza nimeshachelewa. Kesho nafungua duka saa mbili, karatasi niliyoagizwa iko rafu ya pili, na sina wa kumwambia anisomee namba kabla sijachapa.